Droni Isiyo na Risiti

Rubani alimkuta mumewe uani ameshaitoa ngazi. Alikuwa ameilaza chini, mwenyewe amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakaza waya kwenye kipago cha tatu, na gongo lake limeegemea ukuta.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kupandia," alisema Fundi bila kuinua kichwa. "Au ulidhani umeolewa na mtu anayeruka?"

"Kesho hupandi."

"Kesho mwalimu mkuu anataka kujua mabati gani yameoza kwenye madarasa tisa. Tusipoenda sisi, atampa mwingine. Mvua haitungoji."

Mwaka juzi bati la ghala moja lilikatika chini ya miguu yake, akaanguka mpaka sakafuni na kuvunjika nyonga. Alipotoka hospitali waliuza friji, na mkewe akanunua droni ya mitumba. Watu wa mtaani walicheka wakambandika jina la Rubani, naye akalipokea. Kazi ikawa hivi: yeye anairusha juu ya paa, Fundi anakaa chini kwenye stuli na kioo cha kuonyeshea picha mapajani, anasema shuka, kushoto, simama hapo, kisha anawaonyesha vibarua pa kukanyaga na pa kukwepa. Tangu hapo hakuna aliyeanguka. Jumanne, kwenye kazi ya kiwanda cha magunia, Rubani aliitua droni juu ya rundo la magunia, akageuka kumsaidia mumewe kuinuka. Alipogeuka tena, haikuwapo. Rimoti ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake.

"Nipe leo tu," alisema. "Jioni nisipokuja nayo, tutazungumza."

"Siku tatu umezunguka."

"Basi leo ni ya nne. Usiiguse hiyo ngazi."

Mtaa wa vifaa vya umeme hufunguka saa mbili, na kufikia saa tano Rubani alikuwa ameingia maduka kumi na manne. Kote alijitia mnunuzi. Kote aliona yaleyale: kompyuta zenye alama ya gundi pale kibandiko cha ofisi kilipobanduliwa, simu zenye picha za watoto wa watu wengine kwenye kioo, kamera bila mkanda. Hakuna aliyejificha. Wauzaji walikunywa chai na kutaniana kama watu wauzao nyanya.

Duka la kumi na tano lilikuwa la Nusubei. Jina lake halisi hakuna alijuaye. Hilo alipewa kwa sababu ya kibao chake cha "Nusu Bei". Droni ilikuwa rafu ya juu, kati ya redio mbili. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umezungushiwa utepe wa bluu. Rubani alikuwa ameuzungusha mwenyewe, jikoni kwake, akiukata kwa meno.

Alijikaza, akainyooshea kidole.

"Ile inawaka?"

"Inawaka, dada yangu, mimi siuzi maiti." Nusubei aliishusha, akaifuta vumbi kwa kiganja. "Rimoti tu ndiyo haina, ndiyo maana bei yake ni ya kirafiki. Rimoti utapata."

"Iwashe nione."

Aliiwasha. Taa nne zikamulika. Rubani alikuwa ameshaingiza mkono kwenye mfuko na kuwasha kilichokuwa humo. Droni ikapiga mlio wake wa kutambuana, kisha mapanga yake manne yakaanza kuzunguka palepale juu ya kaunta. Makaratasi yakaruka, vifuniko vya simu vikamwagika sakafuni, mteja aliyekuwa anachagua chaja akarudi nyuma akamkanyaga mwenzake.

"Naona inanijua," alisema Rubani, akaitoa rimoti hadharani. Aliyazima mapanga, akaikumbatia droni kifuani.

Nusubei hakubabaika hata kidogo. Alimtazama usoni muda mrefu, kisha akatabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa.

"Nilikuwa najiuliza nimekuona wapi. Wewe si ndiye uliyeinunua hiyo hiyo hapa hapa, mwaka juzi? Ulikuja na kaniki, umetoka kuuguza. Uliomba nipunguze, nikapunguza. Risiti hukuomba."

Ilikuwa kweli. Usiku ule alipofika nyumbani alikuta humo ndani video tatu. Mzee fulani amesimama kwenye bustani ya mboga, anaipungia droni mikono yote miwili, anaita watu waje kuona. Wanatoka watoto wawili na mwanamke mwenye unga mikononi, wote wanacheka. Rubani alizitazama mara mbili, kisha akazifuta, na hakuwahi kumwambia mumewe. Sasa aliona aibu, aibu ya kweli, inayochoma mashavu.

"Twende kituoni," alisema.

"Kwa hiari yangu kabisa," alisema Nusubei, akachukua kofia. "Ni hapo ng'ambo tu. Nani atanionea mimi hapo?"

Kituoni benchi lilikuwa limejaa. Koplo wa kaunta alimwona Nusubei, akasimama. "Karibu, bosi. Kuna nini leo?" Watu wa benchi waliokuwa wakisubiri tangu asubuhi walitazamana.

Rubani alieleza yote, kuanzia magunia ya Jumanne hadi utepe wa bluu. Koplo alisikiliza huku akisafisha ukucha kwa kona ya karatasi.

"Risiti?"

"Sina."

"Basi mama, tuseme yako kwa ushahidi gani? Na huyu bwana anasema aliwahi kukuuzia. Kitu kiliuzwa bila risiti, ukanunua ukijua. Hilo lina jina lake: kupokea mali ya wizi. Tukifungua jalada, wa kwanza kuwekwa ndani ni wewe." Alisogea mbele, sauti ikawa ya kindugu. "Sikiliza. Sote tuna watoto. Mpe nusu ya bei, chukua kitu chako, kesho uko kazini. Bosi, si utapunguza?"

"Kwa ajili yako, afande, nitapunguza," alisema Nusubei.

Nusu ilikuwepo. Ilikuwa kwenye mkoba wake, malipo ya awali ya kazi ya shule. Dakika mbili tu na angekuwa njiani, droni kifuani. Hakuna kitu alichokitaka zaidi. Alisogea dirishani, akampigia mumewe.

"Nimeipata."

Fundi alipiga kelele ya furaha. Rubani alimwacha amalize.

"Wanataka niinunue. Ninazo."

"Inunue basi, urudi!"

"Na wakiiba tena?"

"Tutainunua tena," alisema Fundi, na yeye mwenyewe akacheka, kicheko kibaya.

"Kuna jambo sikukwambia. Hii yenyewe, tulipoinunua, ilikuwa ya wizi. Nilijua. Nilimwona mwenye mali kwenye picha, mzee wa watu. Nikafuta. Nikitaka kuandikisha, lazima niandike na hilo. Droni itabaki hapa kama ushahidi. Mimi pia naweza nikabaki."

"Na mimi nilikuwa nikikaa chini na kile kioo nikiona fahari," alisema Fundi hatimaye. "Andika. Mwalimu mkuu nitamwambia atafute mtu."

"Na wewe?"

"Mimi naikalia ngazi, sipandi. Watoto nitawapikia mimi. Wataugua tumbo, lakini watakula."

Rubani alirudi kaunta, akaiweka droni katikati yao, na rimoti kando yake.

"Andika, afande. Nilinunua mali ya wizi kwenye duka la huyu bwana, mwaka juzi, mwezi wa sita. Jumanne ikaibwa tena. Leo nimeikuta kwenye duka hilohilo. Tuandike wote wawili."

Tabasamu la Nusubei lilipungua. "Dada, unajifunga mwenyewe."

"Naelewa ninachofanya."

"Mama, usinitafutie kazi," alisema Koplo. "Nikifungua hilo, mashahidi nitamwita nani? Huu mji mzima umenunua pale."

"Mji mzima?"

Koplo aliinyoosha mikono yake juu ya kaunta. Halafu, bila mtu yeyote kumuuliza, aliilaza simu yake kioo chini. Benchi zima liliona.

"Kalamu imekwisha wino," alisema.

Mwanamke mmoja aliyevaa sare ya usafi alinyanyuka kutoka kwenye benchi, akatoa ya kwake mkobani, akaiweka juu ya kaunta bila kusema neno, akarudi kukaa.

"Karatasi pia hakuna. Zinaletwa Jumatatu."

Rubani alifungua mkoba. Akatoa mkataba wa shule, ule wa madarasa tisa, akaugeuza upande mweupe. Nusubei alianza kuvaa kofia. Rubani alimwambia bila kumtazama, "Wewe ngoja, nahitaji jina lako kamili," na ajabu ni kwamba alingoja.

Akaandika jina lake mwenyewe kwanza, herufi kubwa, ili kusiwe na wa kusema halisomeki. Akaandika mwezi, duka, rangi ya mlango. Akaandika habari za yule mzee wa bustani, na mikono yake miwili. Koplo alikuwa ameshaingia chumba cha ndani kumwita mkubwa wake, na sauti zao zilisikika zikibishana nyuma ya mlango.

Mwanamume mmoja aliyekuwa mwisho wa benchi alikuja akasimama karibu naye, akachungulia mstari wa mwisho, kisha akakohoa kidogo.

"Dada, ukimaliza usiirudishe hiyo kalamu," alisema. "Mimi yangu ni televisheni. Na mimi risiti sina."