Tumbaku ya Israa

Amri ya kutotoka nje ilipoondolewa, Israa alikuwa shambani Pate, akikonyoa machipukizi kwenye tumbaku yake. Habari aliletewa na kaka yake, Wazir, aliyefika akihema na simu mkononi. Bwana Harith alikuwa amepiga. Nyumba yake ya wageni kule Mkomani, mjini Amu (Lamu), ingefunguliwa Jumamosi, na alimtaka Israa arudi jikoni.

Israa alikuwa amepika katika nyumba hiyo miaka kumi na mmoja, na Wazir akiendesha boti ya wageni. Korona ilipofunga kila kitu, wote wawili walirudi kwa mama yao, Bi Mwanamkisi. Wazir alikaa barazani akingoja. Israa alichukua jembe la marehemu baba yao akafyeka kiwanja kilichokuwa kimegeuka kichaka. Msimu wa kwanza jua lilimuunguzia kila kitu. Wa pili, majani yalitanuka hadi akaogopa kuyatazama sana, asije akayapiga jicho baya mwenyewe. Na katikati ya kazi hiyo aligundua kwamba analala usingizi mzima, na kwamba anakula chakula kikiwa bado moto.

Alimwambia Wazir kwamba harudi. Wazir alicheka kwanza, kisha akaeleza lililobaki: Bwana Harith alisema atawachukua wote wawili au hamchukui yeyote. Siku tatu Wazir alimsihi dada yake. Akamtuma mama, akamtuma mwalimu wa madrasa. Siku ya nne aliacha kumsihi.

Siku ya tano asubuhi, Israa alisikia panga kabla ya kuliona. Wazir alikuwa katikati ya shamba, kifua wazi, akikata mashina usawa wa goti. Alikata bila haraka, safu baada ya safu, na utomvu ulikuwa umemjaa mikononi. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu majani yachumwe.

"Nimekufungulia ndia ya kurudi," alisema bila kugeuka. "Sasa huna cha kukuweka hapa."

Israa alimrukia mgongoni. Walianguka pamoja juu ya mashina yaliyokatwa, akamng'ata bega mpaka akaonja damu. Wazir alimpiga kiwiko cha mdomo, jino likatoka. Wazir aliposimama alirusha panga bila kuangalia, au labda aliangalia; Israa hakuwahi kujua. Liliingia kwenye mkono wake wa kushoto, chini ya kiwiko, hadi mfupani.

Hakuhisi maumivu. Aliona mfupa, mweupe, akaona kaka yake naye anauona. Wazir alifungua mdomo kutaka kusema. Israa aliokota jembe lililolala kando ya safu kwa mkono wa kulia, akalizungusha kwa nguvu zake zote, na mpini ukampata Wazir gotini. Goti lilitoa mlio kama wa kuni kavu ikivunjika. Akamwinulia jembe mara ya pili, limpate kichwani, na angelishusha kama jirani yao, Jamaludin, aliyekuja mbio kwa kelele, hangeufikia ule mpini na kuushika.

Walipakiwa kwenye boti moja pale gatini Mtangawanda, wapelekwe hospitali Amu, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Israa alikaa mbele, mkono umefungwa kwa leso ya mama yake, leso yote nyekundu. Wazir alilazwa nyuma akilia kila wimbi lilipoipiga boti. Bi Mwanamkisi alikaa katikati yao na hakumshika yeyote.

Karibu na Amu, Wazir aliuliza, "Utarudi kwa Bwana Harith?"

"Sirudi."

"Hata baada ya haya?"

"Wazir, nilitaka kukuua. Usiniulize jambo jingine leo."

Israa alishonwa nyuzi ishirini na sita, na vidole viwili vya mkono ule havikukunjika tena. Goti la Wazir lilipona likiwa gumu kama mti. Bwana Harith alimpata mpishi kutoka Malindi na nahodha mwingine, wala hakupiga simu tena.

Mvua za masika zilipoanza, Israa alipanda upya, mche mmoja mmoja, kwa mkono mmoja na nusu. Asubuhi moja Wazir alikuja akichechemea, akaketi chini mwishoni mwa shamba, akaanza kuokota viwavi kwenye majani ya safu iliyokuwa karibu naye. Israa alimwona. Hakumsalimu, wala hakumfukuza. Aliangalia kwanza kama amekuja na panga, akaona mikono mitupu, akaendelea na mistari ya upande wake.