Koki Iliyobaki Kwenye Mawingu

Pale karakana ya sare walimwita Mama Mkasi, na si kwa sababu ya kukata vitambaa tu. Ukimpelekea kola iliyopinda, atakwambia imepinda. Ukimwuliza kama gauni jipya limekukaa, jiandae kwa jibu. Uongo haukuwa kazi yake. Alisema ni kama kufuga mbuzi mjini, ukishamleta lazima umlishe kila siku. Lakini uongo wa asubuhi ile, wa maneno mawili tu, ulimtoka bila yeye mwenyewe kuushtukia.

Chumba cha kukatia hakikuwa na dirisha. Tangu saa mbili alikuwa humo ameinamia tabaka arobaini za kitambaa cha kijani, mashine ikinguruma mkononi. Alipotoka kwenda ukumbi wa cherehani kuchukua chaki, macho yakamuuma. Bati moja la plastiki angavu pale darini lilikuwa linamwaga mwanga mweupe kama maziwa sakafuni.

"Jua limetoka saa ngapi?" akauliza.

"Amka, mama!" akacheka fundi wa vifungo, shoga yake wa miaka mingi. "Tangu saa tatu linawaka. Wewe huko shimoni utajulia wapi?"

Mama Mkasi akatazama saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika ishirini. Chaki ikamponyoka.

"Vipi, shoga? Mbona umebadilika rangi?"

"Koki," akasema. "Sikugeuza koki."

Shoga yake hakuelewa, na hakukuwa na muda wa kumweleza. Lakini jambo lenyewe lilikuwa hivi.

Nyumbani kwao kulikuwa na tangi la sola juu ya paa, na ukutani nje ya bafu kulikuwa na hita ya gesi ya kusaidia siku ambazo jua limegoma. Fundi aliyeunganisha vitu hivyo viwili aliweka koki moja yenye mkono mwekundu. Ukiusukuma kushoto, maji ya tangi yanakwenda bafuni moja kwa moja. Ukiusukuma kulia, yanapita kwanza ndani ya hita. Kushoto alichora jua kwa rangi ya mafuta, kulia akachora wingu, halafu akawaita watu wa nyumba akawaonya.

"Hita hii haina akili. Haijui kama maji yaliyoingia ni ya baridi au ya moto. Yenyewe inawaka tu na kuongeza moto uleule. Siku ya mawingu mtanishukuru. Siku ya jua, mkisahau koki, mtanyonyolea kuku humo bafuni."

Walicheka siku ile. Tangu hapo ikawa desturi ya nyumba: kila asubuhi baba yake Mama Mkasi, mchomeleaji mstaafu, anasimama uani na fimbo yake, anaitazama mbingu kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake, kisha anatangaza, "Jua!" au "Mawingu!" Binti yake anageuza koki. Ilikuwa ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo mzee, na hakukubali kugawana na mtu.

Asubuhi ile alitangaza jua.

"Jua liko wapi, baba? Mbingu yote blanketi."

"Linakuja. Geuza."

Alikuwa amechelewa, mkoba begani, funguo mkononi. Moyoni alisema macho ya mzee yamezeeka, heri gesi imwogeshe kuliko apigwe na baridi. "Sawa, nimegeuza," akasema, akapita. Hata mkono hakuunyoosha; koki ikabaki upande wa wingu, ilikokuwa tangu jana.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Maji ya mawingu yalitoka vuguvugu, mtu anaoga hivyo hivyo. Maji ya jua, ifikapo saa sita, yalikuwa makali, kwa hiyo mzee alikuwa na kipimo chake: majagi mawili ya moto, moja la baridi, ndani ya beseni la miguu. Leo angepima hivyo hivyo kwa kuamini ni maji ya jua. Lakini hayo ya moto yangekuwa yamepikwa mara mbili, na jua kisha na gesi.

Mtu mwingine angeruka na kupiga kelele. Mzee asingeruka. Kisukari kilikuwa kimeila miguu yake, haisikii tena baridi wala moto. Viganja navyo viliiva kwa miaka arobaini ya kuchomelea vyuma, vigumu kama soli. Mwaka uliopita alitembea siku nzima na kokoto ndani ya kiatu bila kujua. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikaenda. Daktari alisema akiwa amemtazama Mama Mkasi, si mzee: "Kikija kidonda kingine, hatutazungumzia kidole. Tutazungumzia mguu."

Na mzee alioga saa sita kamili, kama king'ora cha kiwanda.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena huku akikimbia langoni, aproni kiunoni, vipande vya uzi vimemganda nyweleni. Simu ya mzee huwa mezani sebuleni. Bafuni haendi nayo.

"Mama, unawahi harusi?" akatania mwenye pikipiki.

"Nawahi mguu. Twende!"

Kijana hakutania tena. Mama Mkasi alishika chuma cha nyuma mpaka vidole vikafa ganzi. Kila duka walilolipita lilikuwa linang'aa, kila bati lilikuwa linawaka, na yeye alilichukia jua lile kama mtu. Akapiga simu mara ya tatu. Alijaribu kujifariji kwamba pengine mzee amesinzia, pengine ana mgeni, pengine leo amechukia kuoga. Hakuwa hodari wa kujidanganya pia.

Saa sita na dakika saba akasukuma geti.

Kabla ya kuona chochote alisikia. Hita ilikuwa inanguruma, vuuuu, na kwenye kidirisha chake moto wa buluu umesimama wima. Mkono mwekundu wa koki ulikuwa umelala upande wa wingu, palepale ulipoachwa. Akaurukia mtungi, akafunga gesi. Moto ukafa kwa mlio mdogo. Akaukimbilia mlango wa bafu. Komeo.

"Baba! Fungua!"

"Naoga!" Sauti ya mzee ilikuwa tulivu, ya mtu aliyestarehe. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Toa miguu kwenye beseni! Sasa hivi!"

"Umerudi kufanya nini saa hizi? Umefukuzwa kazi?"

"Baba, toa miguu! Maji yanaunguza!"

"Maji ya leo mazuri sana. Vuguvugu tu. Nyie watoto wa siku hizi mnataka kumwogesha mtu kama kichanga. Nitatoka nikimaliza."

Akaupiga mlango kwa bega. Ulikuwa mlango wa chuma, mzee aliuchomelea mwenyewe enzi zake, na kazi yake haikuwa ya kubahatisha. Bega likalia, mlango ukatulia. Ndani alisikia jagi linachota maji.

Akaona hakuna ufunguo mwingine.

"Baba, sikugeuza koki! Nilikudanganya asubuhi. Maji yamepita kwenye hita!"

Jagi likaanguka. Beseni likapinduka, maji yakapita chini ya mlango na kumfikia vidoleni, naye akaruka nyuma kwa maumivu. Komeo likavutwa.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, taulo kiunoni, mvuke umemzunguka. Mguu wa kushoto, ule uliokatwa kidole, ulikuwa mkavu, umefungwa mfuko wa plastiki, kwa kuwa huo aliuhifadhi na kuuosha mwisho. Alioutumbukiza ni wa kulia. Ule uliokuwa mzima.

Ulikuwa mwekundu mpaka juu kidogo ya kifundo, mstari umekatwa sawa kama soksi. Ngozi ya kisigino ilikuwa imeanza kulegea.

"Hauumi," akasema mzee akiutazama kama si wake. "Mwanangu, hauumi hata kidogo."

Mama Mkasi alitamani uume. Alifungua bomba la baridi, akaukinga mguu chini yake, akahesabu dakika ishirini kwa saa ya mkononi. Shoga yake akapiga simu kuuliza kulikoni, na aliposikia akashauri dawa ya meno. Akamjibu dawa ya meno ni ya meno, akakata. Aliongea mfululizo, kuhusu vitambaa, kuhusu bodaboda, kuhusu lolote, maana akinyamaza alisikia meno yake yakigongana. Mzee alikuwa akiyatazama malengelenge yakivimba moja baada ya jingine.

Zahanati walimsafisha, wakamfunga bandeji ya gozi kutoka vidoleni hadi juu ya kifundo. Kesho yake waliporudi kubadilisha, muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliona wekundu mpya umechungulia juu ya gozi. Hakusema ni mbaya wala si mbaya. Alitoa kalamu ya wino, akachora mstari juu kidogo ya wekundu huo, kuzunguka mguu, kuanzia mbele mpaka nyuma juu ya kisigino.

"Wekundu ukivuka hapa, msingoje miadi. Mje saa hiyohiyo, hospitali kubwa."

Mama Mkasi aliomba ruhusa kazini. Alfajiri ya siku ya tatu alipiga magoti kando ya kitanda, akawasha taa, akauinua mguu kwa viganja viwili.

"Wekundu uko wapi?" akauliza mzee.

"Nyuma bado uko ndani ya mstari. Nahisi."

"Unahisi?"

"Uko ndani, baba."

Mzee hakukasirika, na laiti angekasirika ingekuwa nafuu.

"Niletee kioo," akasema.

"Baba, nimekwambia ukweli."

"Juzi pia uliniambia. Sikusemi, mama. Lakini mguu ni wangu, na siusikii. Nimebaki na macho tu. Lete kioo."

Akakitoa kile cha ukutani, akampa. Mzee akakishika chini ya kisigino, mikono yote miwili, mwanga ukicheza darini.

"Inua kidogo. Geuza kwa nje. Hapo."

Wote wawili wakaona. Mbele wino ulikuwa peke yake juu ya ngozi safi. Nyuma, upande wa ndani, ulimi mdogo wa wekundu ulikuwa umepanda mpaka ukalala juu ya wino.

"Umegusa," akasema mzee.

"Umegusa. Haujavuka."

"Ulikuwa umegusa jana usiku?"

"Hapana. Sijui. Taa ilikuwa hafifu, na niliogopa kutazama sana."

Hilo mzee aliliamini. Aliinamisha kichwa.

"Basi hatungoji uvuke," akasema. "Ita gari."

Teksi ilikuja kabla ya jua. Mama Mkasi alimshika kwapani, gozi likiwa jeupe gizani, wakaketi kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa juu ya mapaja yake. Mzee alikuwa amekataa kukiacha kioo. Kila gari liliposimama kwenye taa za barabarani, alikiinamisha kuelekea kisigino, akatazama, akakilaza tena kifuani.

Mara ya tatu binti yake akashindwa kuvumilia.

"Baba, vipi?"

Mzee aliendelea kutazama. Taa ikawa kijani, gari likaondoka.

"Mwambie dereva aongeze mwendo," akasema.