Nyumba Ndani ya Nyumba ya Sitati

Masinde hakuwa na digrii. Hakuwa na gari, wala printa, wala kiti cha kuzunguka kama vya watu wa ofisini. Hakuwa na mtoto aliyebaki Nakuru. Joyline, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa Kericho. Hakuwa na hati ya nyumba alimozaliwa, ingawa baba yake aliingia humo akiwa fundi wa mabehewa ya reli. Na hakuwa na mazoea ya kumshuku bakoki wake, yaani mtu aliyetahiriwa naye msimu mmoja.

Bakoki huyo alikuwa Sitati, jirani yake katika landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizojipanga mstari mmoja juu ya stesheni. Sitati alikaa nyumba ya kumi na tatu, Masinde ya kumi na nne. Jioni walikutana mezani kwa Masinde, mbele ya kompyuta, huku Milcah, mke wa Masinde, akisonga ugali.

Kompyuta ilikuwa ya kazi. Ofisi moja ya Nairobi ilikuwa imeamua kuwapa wakaaji hati za nyumba zao, na ilitaka orodha ya nyumba iandikwe kwa R, lugha ya kompyuta wanayotumia watu wa takwimu. Masinde alikuwa amejifunza R katika masomo ya jioni, uzeeni, pamoja na wanafunzi waliomwita guka, yaani babu, na chama cha wakaaji kikampa kazi hiyo. Sitati, aliyekuwa mwenyekiti wa chama, aliomba afundishwe pia. Alisema mwenyekiti hawezi kutia sahihi kitu asichokielewa.

Masinde alimfundisha kwa sufuria za Milcah. Alitia ndogo ndani ya ya kati, na ya kati ndani ya kubwa.

"Hii kubwa ni landhi," alisema. "Ndani yake kuna nyumba. Ndani ya nyumba kuna vyumba, kuna watu, kuna kuku. Orodha ndani ya orodha."

"Na nikitaka kuku wa Milcah?"

"Unafungua moja baada ya nyingine. Ukiandika mabano mraba mara moja, unapewa sufuria na kifuniko chake. Ukiandika mara mbili, unapewa kilichomo."

"Basi niandikie mara mbili," Sitati alisema. "Mimi sikukuja kula kifuniko."

Milcah alicheka. Masinde pia alicheka, kisha akaendelea, kwa sababu hakupenda somo likatizwe.

"Sasa sikiza hapa. Ukiiuliza kompyuta urefu wa orodha, inahesabu zile za juu peke yake. Sufuria ikiwa ndani ya nyingine haihesabiwi. Ndiyo maana kila nyumba lazima ikae kivyake."

"Rudia hapo," Sitati alisema.

Masinde alirudia.

Mwezi uliofuata dada yake Masinde alifariki Webuye, naye akaenda kuzika. Alimwachia Sitati kompyuta na neno la siri, kwa kuwa orodha ilikuwa karibu kukamilika, na kwa kuwa mtu hamfichii bakoki wake neno la siri.

Aliporudi alipanda kwa miguu kutoka stage ya matatu na begi lake begani. Baada ya nyumba ya Sitati kulikuwa na nyumba ambayo hakuwahi kuiona, imepakwa rangi ya krimu, na namba kumi na nne mlangoni. Bravin, mwana wa Sitati, alikuwa ameketi kwenye ngazi akisugua viatu.

"Mzee, umefika. Pole na msiba."

"Asante. Na kwangu?"

"Kwako ni hapo kwa baba. Pitia tu sebuleni, mlango uko wazi."

Masinde alipitia sebuleni. Kati ya televisheni na kabati la vikombe kulikuwa na mlango wake wa kijani, na pale juu msumari anaotundikia kofia. Alitundika kofia akaingia. Nyumba yake ilikuwa na ukubwa wake wote. Uani sukuma wiki ilikuwa imesimama kwenye mstari wake, na kuku walikuwa wakichakura. Milcah alikuwa amekalia kigoda, anachagua maharagwe.

"Tangu lini?" Masinde aliuliza.

"Tangu Jumanne. Nilikuwa naanika nguo. Mpaka leo hazijakauka. Huku hakuna jua, tuna balbu ya Sitati. Akizima, kuku wanapanda kulala na sisi tunalala."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia asizime mapema, nina maharagwe."

Masinde alinawa mikono, akaketi, akaiamuru kompyuta imwonyeshe muundo wa orodha. Kwa amri hiyo, kila kitu cha juu huanzia ukingoni mwa mstari, na kila kilicho ndani ya kingine husogezwa na kutanguliwa na nukta mbili zinazofuatana. Bravin alikuwa ukingoni, namba kumi na nne. Masinde alikuwa chini ya Sitati, baada ya makochi na televisheni, na nukta mbili mbele ya jina lake. Urefu wa orodha haukuwa umebadilika. Faili ilikuwa imeshatumwa Nairobi na sahihi ya mwenyekiti.

Alitoka hadi sebuleni kwa Sitati. Sitati alikuwa anatazama habari. Alimsogezea kochi kwa mguu.

"Bakoki, keti. Pole ya dada."

"Umeniweka kwa nyumba yako."

"Nimekuweka. Kwani umepotea? Hakuna kitu yako imepotea, hata kijiko. Si wewe ulinifunza? Kitu ikiwa ndani ya kitu, iko."

"Haihesabiwi."

"Kijana anataka kuoa, Masinde. Ningempeleka wapi? Ningekuwa mtu mbaya ningekufuta kabisa. Hiyo pia ulinifunza, na sikuitumia."

"Ungeniomba."

"Ungekataa." Sitati alipunguza sauti ya televisheni. "Wewe una msimamo. Hata ule mwaka wa kutahiri, kila mtu alifumba macho, wewe ukakodoa. Nilisimama karibu na wewe nikajua, huyu haombwi."

Masinde alirudi kwake na kufunga mlango wa kijani. Sitati alipozima balbu, yeye na Milcah walikuwa bado hawajala. Walikula gizani.

Asubuhi alirekebisha orodha. Aliitoa nyumba yake kwa Sitati, akairudisha mahali pake kwenye mstari. Nyumba ikatoka. Ilisimama kwenye njia, mbele ya ya Bravin, kuku na Milcah wakiwa ndani, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nguo zikapata jua.

Siku hiyo alikuja Chepkemei, afisa wa ile ofisi ya Nairobi, kukagua nyumba moja moja. Alishika tablet na kutembea mstari mzima akiweka alama. Alipofika kwa Masinde alipita ukutani, akapitia jikoni, akamsalimu Milcah, akatokea upande wa pili.

"Madam, hiyo umepita ni nyumba," Masinde alisema.

"Nimeiona, mzee. Hata mama amenikaribisha chai." Alimgeuzia tablet aone. "Lakini hapa kwangu ni njia. Umebadilisha kwa kompyuta yako?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni nakala yako, mzee. Unaweza kubadilisha vile unataka. Yenye iko Nairobi haijui."

Masinde alilijua hilo. Lilikuwa katika somo la tatu. Katika R, anayebadilisha kitu alichopewa hubadilisha nakala yake, na cha asili hubaki kama kilivyokuwa.

"Nifanye nini?"

"Andika barua, ueleze. Ila za landhi zinapitia kwa mwenyekiti. Yenye haijapitia kwake hatufungui."

Alasiri betri ya kompyuta iliisha, nakala ile ikapotea, na nyumba ikarudi ndani.

Masinde aliandika barua chini ya balbu ya Sitati. Aliandika kwa mkono, kwa herufi alizofundishwa utotoni, bila kufuta neno hata moja. Alieleza alikozaliwa, alichofundisha, na alichofanyiwa na yule aliyekuwa mwanafunzi wake. Alilitaja jina la Sitati mara zote lilipohitajika. Aliikunja, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi na kuifunga. Kisha alifungua mlango wa kijani, akamkabidhi Sitati.

Sitati aliipima mkononi.

"Umeandika mingi."

"Kidogo."

"Umenitaja?"

"Ndiyo."

"Ni haki yako," Sitati alisema.

Hakuifungua. Alichukua bahasha kubwa ya chama kutoka kwenye kabati la vikombe, akaiingiza ile ya Masinde ndani, akalamba gundi na kuibonyeza kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe. Nyuma aliandika jina lake na nyumba namba kumi na tatu. Akamwita Bravin aipeleke posta.

Karani wa posta aliipima, akaihesabu kuwa barua moja, akaigonga muhuri, akaitupa kwenye gunia la Nairobi.