Sketi ya Mama Ndani ya Kioo

Kama yuko mtu pale Endasak aliyewahi kumwona Letisia amekaa akamaliza kikombe cha chai, ajitokeze aseme. Hayupo. Chai ya Letisia ilipoa dirishani, ilipoa juu ya cherehani, ilipoa nyumbani kwa jirani alikokwenda kuazima mkasi akarudi na umbea bila mkasi. Mama yake mzazi, Tekla, alimtazama akitoka akiingia, kisha akasema, "Huyu nilimzaa njiani." Na kweli alimzaa njiani, siku walipokuwa wakihamisha ng'ombe chini ya mlima Hanang.

Kazi yake ilikuwa ngozi. Alikata ngozi za mbuzi na za ndama, akazishona shanga, zikawa mikoba, mikanda na foronya za makochi ya wenye makochi. Hakuanzia huko. Alianza na cherehani, akishona sare za shule, na wakati ule alikuwa na wateja. Halafu serikali ikafungulia biashara ya nje, mitumba ikaingia kwa marobota, na pale mnadani Katesh shati zima likauzwa kwa bei ndogo kuliko vifungo alivyokuwa akivishona yeye. Mafundi wengine walikunja vitambaa vyao wakarudi shambani kulima mahindi. Letisia alikasirika. Alifunika cherehani kwa gunia, akachukua sindano ya ngozi, na hasira ile ikamfikisha mbali.

Kufikia mwaka elfu mbili na nne mikoba yake ilikuwa imekwenda Nairobi, Harare na Adis Ababa, na yeye mwenyewe nyuma yake. Akiwa ugenini anawaza nyumbani. Akirudi nyumbani, siku ya tatu unamkuta mlangoni anaiangalia barabara. Mume wake, Hilary, mtu mpole wa maharage na mahindi, alishazoea. Aliwaambia watu kwamba ana mke wa msimu, kama mvua, na akija anashukuru.

Sasa hayo maua yote ya shanga, ile mistari ya kwenda na kurudi iliyowapendeza watu wa mbali, aliyatoa wapi? Aliyatoa kwenye sketi ya ngozi ya mama yake. Tekla alikuwa mtu wa wafugaji wa kule bondeni, aliyebatizwa ukubwani, na kwao msichana akiolewa hushonewa sketi. Ngozi hulainishwa kwa mkono na samli miezi miwili, hukatwa nyuzinyuzi, hushonwa shanga, naye huivaa mpaka uzee. Tundu la kwanza halitobolewi na mtu yeyote tu. Ni mama wa bibi harusi au bibi yake, na lazima awe mwanamke aliyefungwa sketi na mama yake mwenyewe. Asiyefungwa halitoboi.

Letisia hakufungwa. Alipokuwa msichana, shuleni walimzibia pua kwa sababu ya harufu ya samli, wakamwita jina ambalo hatulisemi hapa. Siku ya kuolewa alisema ataolewa na gauni jeupe, basi. Mama yake alikuwa ameshamaliza kuilainisha ngozi. Aliikunja akaiweka darini, juu ya moshi.

Na hapa kuna jambo ambalo Letisia hakumwambia mtu. Ule mwaka wa mitumba, siku alipofunika cherehani, hakuwa na pesa ya kununua ngozi. Alipanda darini mama yake akiwa kisimani, akaishusha ile ngozi ya sketi aliyoikataa, akaikata akaishona. Huo ndio ulikuwa mkoba wake wa kwanza. Aliununua mama mmoja Mnorwe, Ragnhild, aliyekuwa amekuja kutembelea hospitali ya Haydom, na huyo ndiye aliyemfungulia milango yote iliyofuata. Tekla hakuuliza ngozi ilikwenda wapi. Letisia alishukuru hakuulizwa, lakini tangu siku hiyo akikaa karibu na mama yake zaidi ya dakika kumi, mwili unamwasha.

Basi mwaka huo wa elfu mbili na nne binti yake, Judith, mwalimu kule Masakta, akachumbiwa na kijana wa huko huko, Emanuel. Walipokuwa wakipanga mambo ya kanisani, Judith akasema, "Kanisani nitavaa gauni. Lakini tukirudi nyumbani nataka sketi. Bibi anishonee."

Letisia alikuwa ameshika sindano, ikamtoka mkononi. Alifurahi, na wivu ulimshika, na aibu juu yake, vyote kwa pamoja, akatoka nje kwenda kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Tekla alicheka siku nzima. Walikubaliana tundu la kwanza litobolewe Agosti, mahindi yakiwa yameshavunwa, na siku hiyo bibi atavaa sketi yake, maana mtoboaji hukaa na yake kiunoni. Bila sketi ya bibi, sketi ya Judith haianzi.

Na ndipo Ragnhild akapiga simu. Mtandao siku hizo ulipatikana juu ya kilima nyuma ya shule tu, na Letisia alipanda kile kilima kila jioni kama mtu aliyewekewa mshahara. Ragnhild akasema kuna nyumba ya maonyesho mjini Bergen, huko kwao Norwe, inataka kazi zake mwezi wa sita. Michoro yake ya shanga imeingizwa kwenye mashindano. Tena wanaomba ile sketi ambayo michoro ilizaliwa humo, waiazime tu.

Letisia alishuka kilima mbio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unahema nini?"

Akaeleza. Tekla alimsikiliza, mikono ameificha ndani ya kitenge, anasema ni baridi ya mlimani.

"Itakwenda," akasema mwishowe. "Lakini sikiliza, wewe mwenye miguu. Ngozi isiyopakwa inakufa. Mwezi ukiandama mara ya kwanza, uipake samli kwa mkono wako. Ukiandama mara ya pili, iwe hapa, laini, au Judith ataolewa kama ulivyoolewa wewe."

Alimpa samli kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Yale maneno ya kuolewa yalimchoma Letisia mpaka akasahau kusema asante.

Kwenye fomu za safari aliandika Mkoa wa Arusha. Karani akaikata ile fomu kwa kalamu nyekundu. "Mama, siku hizi ni Manyara, makao makuu Babati."

"Ala. Hata nikitulia nahamishwa," Letisia akasema, na karani, ambaye alikuwa na sura ya kutocheka, akacheka.

Bergen ilikuwa mvua. Na pale ambapo haikunyesha, lilikuwa jua lisilojua kwenda kulala. Saa nne ya usiku bado kweupe, watu wanatembeza mbwa. Walimpokea vizuri mno. Vijana waliovaa glovu nyeupe waliichukua sketi kama wanapokea mtoto mchanga, wakaenda nayo. Letisia akaanza kuzunguka. Aliona soko la samaki, aliona kiwanda cha sufu, aliongea na wanafunzi wa uchoraji, alipigwa picha na gazeti. Usiku alipitiliza macho yamefunguka, akihesabu mbao za dari. Hakuona mwezi hata mara moja, maana huko angani kulikuwa na mawingu na mwanga tu.

Siku ya ufunguzi, akitafuta kitambaa kwenye pochi, mkono ukagusa kichupa.

Alisimama pale pale barabarani. Akahesabu kwa vidole. Mwezi ulikuwa umeandama siku sita zilizopita. Sita. Letisia binti Tekla, aliyesafiri nchi nne, hakuweza kukumbuka kupaka samli. Alijitukana kimyakimya kwa lugha ya mama yake, kisha akakimbia kwenye mvua.

Ukumbi ulikuwa umeshajaa. Sketi ilikuwa katikati, ndani ya kioo, taa zinaimulika, na ilipendeza, hatuwezi kusema uongo. Ilipendeza kuliko ilivyowahi kupendeza nyumbani. Bwana mmoja wa zile glovu nyeupe alimweleza kwa fahari: waliiweka kwenye friza wiki mbili ili wadudu wafe, halafu wakayafuta yale mafuta machafu yote kwa dawa. Sasa itadumu miaka mia.

"Mafuta gani?" Letisia akauliza, na alikuwa anajua.

Wakaita jina lake. Michoro yake imeshinda. Watu wakapiga makofi, akapewa cheti na maua, na mkubwa wa pale akatangaza kwamba maonyesho yatakwenda miji mitatu zaidi, miezi sita, na Letisia atasafiri nayo, yeye na sketi. Miji mitatu. Mwingine angelia kwa furaha, na miguu ya Letisia kweli ilishaanza safari ndani ya viatu. Alipoulizwa kama ana neno, aliomba kioo kifunguliwe, aishike.

Wakafungua, wakidhani ni kwa ajili ya picha.

Aliigusa. Ilikuwa imekauka kama bati. Alipoikunja kidogo ikalia, na ushanga mmoja ukadondoka ukaenda kuviringika chini ya viatu vya wageni. Letisia aliweka maua chini. Akapiga magoti na nguo zake za sherehe, akaitandaza sketi ya mama mapajani, akafungua kichupa, akamimina samli kiganjani, akaanza kupaka.

Harufu ikapanda. Samli, moshi, zizi la ng'ombe, ndani ya ule ukumbi mweupe. Yule bwana wa glovu akaja mbio, Ragnhild nyuma yake.

"Letisia, hapana," Ragnhild akasema. "Unaiharibu."

"Inakufa hii," akasema, bila kuinua kichwa. "Niliambiwa niipake."

"Wataisafisha tena, usijali, bado inaweza kwenda kwenye ziara."

"Haiendi. Ina kazi nyumbani."

Aliendelea kupaka mpaka kichupa kikaisha, hata zile nyuzi za pembeni, moja moja. Wengine walitoka, wengine walibaki wakitazama. Kesho yake aliambiwa kwa adabu kwamba bila sketi hakuna ziara. Cheti ni chake, miji mitatu si yake. Alitia sahihi kwamba amekubali. Ndani ya ndege aliifunga sketi tumboni chini ya koti, na joto la mwili lilisaidia kuilainisha, ingawa jirani yake wa kiti aliomba kuhamishwa.

Alifika Endasak mwezi haujaandama mara ya pili. Tekla alikuwa uani kwenye kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lete."

Aliikunja, akaikunjua, akainusa. "Ilikauka," akasema.

"Ilikauka. Nilichelewa, mama. Niliipaka siku sita baada ya mwezi."

"Mbele ya nani?"

"Ukumbi mzima."

"Wakasemaje?"

"Walisema nimeiharibu."

Tekla alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na Letisia akampigapiga mgongoni. Hilary akauliza habari za zawadi, akaonyeshwa cheti, akakibandika ukutani kwa gundi ya ugali.

Agosti wanawake wakakusanyika. Walikaa chini juu ya ngozi za ng'ombe, Judith katikati, ngozi yake mpya imelala mbele yao, laini kama sikio la ndama. Tekla amefunga sketi yake juu ya kitenge. Letisia alikuwa amesimama nyuma kabisa, mlangoni, mahali pa mtu asiye na sketi. Alikuwa na cheti cha Ulaya cha kushona, na haruhusiwi kutoboa tundu moja kwenye sketi ya mwanawe.

Tekla akachukua sindano. Ikadondoka. Akaiokota, akailenga, mkono ukatetemeka, sindano ikadondoka tena. Mara ya tatu ilimchoma kidole. Wanawake wakainamisha macho. Ndipo Letisia akaelewa kwa nini mama yake alificha mikono ndani ya kitenge muda wote ule, na kwamba haikuwa baridi.

"Letisia," Tekla akaita. "Njoo hapa."

Akaenda. Yule mzee akasimama kwa shida, akafungua mshipi, akaivua sketi yake mbele ya wote, akabaki na kitenge.

"Mama, mimi sikufungwa."

"Najua hukufungwa. Nilikuwepo." Akamzungushia sketi kiunoni. "Na ngozi yako najua ilikokwenda. Niliuona ule mkoba ukipita barabarani, begani kwa yule Mzungu. Ngozi niliyoilainisha kwa mikono hii nisiitambue?"

Letisia machozi yalimtoka, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, mbele ya mawifi.

"Nilikasirika mwaka mzima," Tekla akasema, akikaza mshipi kwa vidole vinavyotetemeka. "Lakini ulikuwa umeshonwa vizuri." Akafunga fundo, akalivuta kulijaribu. "Haya. Umefungwa. Kaa."

Sketi ya ngozi ni nzito. Ukiwa nayo huwezi kuinuka ghafla, wala huwezi kukimbilia mlangoni. Letisia akakaa. Akachukua sindano, akaweka kidole mahali, akatoboa tundu la kwanza la sketi ya Judith, kisha la pili, na wanawake wakaanza kuongea habari zao.

Jua lilipofika juu mtu akaleta chai. Letisia aliinywa yote, mpaka majani ya chini. Mguu wake mmoja ulikuwa unatikisika bado ndani ya sketi ya mama yake, na Tekla, aliyekaa ubavuni pake, akaweka mkono wake unaotetemeka juu ya goti lile, akauacha hapo.