Boriti Iliyovutwa Hadi Tundu la Mwisho

Boriti ilikuwa imepakwa rangi ya njano siku iliyotangulia, na rangi bado ilinata vidoleni. Mama Mapacha aliinama chini yake kama anayetafuta kitu kilichomdondoka. Ilikuwa boriti ya kunyanyulia mizigo mirefu: bomba nene katikati, na mikono miwili inayovutwa nje au kurudishwa ndani kufuata urefu wa mzigo, kila mkono ukishikiliwa na pini ya chuma. Pini ya kulia ilikuwa yenyewe. Ya kushoto ilikuwa kipande cha nondo, kimefungwa waya kisichomoke.



"Fomeni, hebu njoo uone."

"Nimeshaona," fomeni alijibu bila kusogea.

"Hii si pini."

"Nimesema nimeona, mama. Unadhani nilikuwa nimelala wakati inafungwa?"

"Halafu imevutwa hadi tundu la mwisho. Ikiwa ndefu hivi haibebi hata nusu ya inachobeba ikiwa fupi. Kibao chake cha uzito wamekipaka rangi, lakini wewe na mimi tulikisoma ilipoletwa."

"Tangi tunalopakia ni refu. Nikiifupisha, mikanda italala upande, italikaba tangi lijikunje. Nifanyeje?"

"Tungoje ile boriti kubwa irudi."

"Haya. Kamwambie bosi angoje."

Wote wawili walitazama juu. Bosi alikuwa kwenye roshani ya ofisi pamoja na mwenye tangi, wamezungumza wee mpaka maneno yamewaishia, sasa wanaangalia tu. Nje ya karakana lori lilikuwa linanguruma tayari kupakia.

Mpiga ishara wa kreni aliyekuwepo kabla ya Mama Mapacha alisema vivyo hivyo, tungoje. Sasa kila asubuhi alisimama nje ya geti na wengine wanaotafuta kibarua, akigeuza uso wenzake wanapoingia. Mama Mapacha alikabidhiwa filimbi yake hata haijaoshwa. Aliyemwombea kazi hiyo ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye dereva wa kreni. Alikuwa ameketi kule juu kwenye kibanda chake cha vioo, akingoja ishara ya mkono wake.

"Mama, mbona umekauka hivyo? Umeona jini?" Huyo alikuwa Kicheko, mshika kamba ya kuongozea mzigo.

"Leo kaa mbali, tafadhali."

"Kamba yenyewe ndiyo hii. Nikikaa mbali nitaishika kwa meno?" Akacheka, lakini akarudi nyuma mpaka nje ya mstari mweupe uliochorwa sakafuni, karibu na ukuta, mahali panapotakiwa. Mama Mapacha aliitazama miguu yake. Akaitazama tena.

Kisha akainua mkono, akazungusha kidole.

Mikanda ikakaza. Tangi likaachana na sakafu taratibu, likapanda hadi usawa wa magoti. Hapo boriti ikatoa sauti, sauti ndogo tu, kama ya mtu anayemeza kilio. Akaona katikati yake inapinda. Akakunja ngumi hewani na kupuliza filimbi kwa nguvu zote. Shemeji akasimamisha kreni. Tangi likaning'inia, likijigeuza polepole.

"Kuna nini huko?" bosi aliuliza. Hakupaza hata sauti.

Fomeni alimtazama bosi, akaitazama boriti, akalamba midomo. Kisha akaushusha mkono wa Mama Mapacha, taratibu, kama anayemwondoa mtoto barabarani, na kuinua wa kwake. Pandisha.

Kule juu shemeji aliutazama mkono mmoja, akautazama wa pili. Mama Mapacha akamtikisia kichwa: hapana, hapana. Shemeji akainamisha macho na kuvuta mpini wa mtambo.

Nondo ilichomoka kwa mlio wa bunduki. Mkono wa kushoto ukatoka kwenye bomba, ncha ya tangi ikaanguka, na tangi lote likajipiga kando, likavuka mstari, likamsomba Kicheko hadi ukutani.

Walipomfikia mdomo wake ulikuwa wazi, kama bado anacheka. Alikuwa anapumua. Walimbeba juu ya ubao wakampakia kwenye gari la ofisi, na gari likaondoka huku mlango wa nyuma ukibamiza.

Mkaguzi wa usalama kazini alifika mchana. Kabla hajashuka garini, bosi alimwita Mama Mapacha chini ya ngazi. Shemeji alikuwa tayari pale, kofia mkononi.

"Pole, mama. Sote tumeumia," bosi alisema. "Hivi mpiga ishara wa hapa ni nani?"

"Ni mimi, lakini fomeni ndiye…"

"Ni nani?"

"Mimi."

"Basi ishara zote ni zako. Sitaki ufungwe, una watoto. Wala huyu sitaki afungwe. Kicheko alipita chini ya mzigo. Mtu wa mizaha, kila mtu anamjua."

"Hakupita, bosi. Alikuwa nje ya mstari."

"Anatibiwa kwa jina letu. Karakana ikifungwa, nani atamtibu? Wewe?"

Mama Mapacha alimgeukia shemeji yake.

"Shemeji," yule alinong'ona bila kuinua uso, "nakuomba."

Mkaguzi aliishia mlangoni. Boriti ilikuwa bado juu, imepinda, imelala upande, ncha moja ya tangi ikining'inia kwenye mkono uliobaki. Hakuna aliyethubutu kuishusha.

"Isiguswe kwanza, nipige picha," alisema, akabaki palepale. "Nani alishuhudia?"

"Huyu mama," bosi alisema.

"Mama, kasimame pale majeruhi alipokuwa."

Sakafu ilikuwa imeoshwa, bado mbichi. Mama Mapacha alikuwa karibu na ukuta. Kusema kweli kulihitaji hatua chache tu za pembeni. Uongo ndio uliotaka kufuatwa, kule ndani, chini ya tangi. Alitazama huku na huku. Fomeni alikuwa akichunguza kucha zake. Shemeji alikuwa amewapa mgongo.

Alivuka mstari. Juu yake mkanda ulilia, na unga wa kutu ukamdondokea kwenye mkono. Kitu cha moto kilimteremka mapajani hadi ndani ya kiatu, naye hakuweza kukizuia.

"Hapo?" mkaguzi aliuliza kutoka mlangoni.

Akaitikia kwa kichwa.

"Sikuoni vizuri." Mkaguzi aliinua simu, akafumba jicho moja. "Ingia ndani kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo, mama. Usitikisike."