Jiko la Karatasi

Mjukuu wangu tunamwita Kijiko. Alipokuwa mdogo alilala na kijiko mkononi mpaka alipoanza shule, na jina likamganda. Sasa ni mtu mzima, anauza dawa kwenye duka la dawa, ameolewa, lakini kwangu bado ni Kijiko. Yeye na mumewe wamepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu, mtaa huohuo. Kila jioni akitoka kazini hupitia kwangu kwanza. Huvua viatu, hunyoosha miguu, hunisimulia vituko vya wateja, kisha huondoka. Ni dakika kumi, siku nyingine kumi na tano. Siku yangu nzima naipanga kuzunguka dakika hizo, ingawa sijawahi kumwambia.

Jumatano moja alikuja, akakaa, viatu hakuvua.

"Bibi, tumepata nyumba nyingine."

"Wapi?"

Akanitajia. Ilikuwa upande wa pili wa mji, mabasi mawili na kutembea juu yake.

"Ina jiko kubwa," akasema, kama mtu anayeomba radhi. "Mwenye nyumba anataka jibu letu Jumapili."

Nikajifanya natafuta miwani yangu, kumbe nimeivaa. "Jiko mlilonalo lina nini?"

"Bibi, juzi Tepu ameungua mguu."

Tepu ni mumewe. Ni fundi wa kushona nguo, na utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata akienda harusini. Siku hiyo Kijiko alikuwa ameipua sufuria ya maharage, akakosa pa kuitua, akaitua sakafuni. Mumewe akaingia kumletea chumvi, akautumbukiza mguu humo.

"Lakini majirani wanasema ni pasi ilimwangukia," nikasema.

"Ndivyo alivyowaambia. Hataki nichekwe."

Nikalitia hilo moyoni. Mtu anaungua mguu, halafu anakaa kufikiria mke asichekwe.

Kesho yake nikachukua dawa yangu ya kupaka nikaenda kumtazama. Nilimkuta jikoni, amepiga magoti, mguu mmoja umefungwa kitambaa, mkasi mkononi. Sakafu nzima ilikuwa imejaa karatasi za kaki, zile anazokatia mifano ya nguo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mguu unasemaje?"

"Ukikuona wewe unapona, mke mkubwa. Tatizo ni yule mke mdogo, ndiye anayenipika."

"Nakusikia!" Kijiko akapaza sauti kutoka chumbani.

Nilitaka kuingia, lakini mlango wa jiko lile ulifungukia ndani na ulifunguka nusu tu. Nikapita ubavu, na mimi si mwembamba. Jiko lenyewe lilikuwa la zamani: kuta za rangi ya mafuta ya kijani iliyofifia, sinki moja, jiko la gesi la plati mbili, na karibu yake kaubao ka fomaika ya njano kalikobanduka pembe. Hapo ndipo pa kukatia vitunguu, pa kuwekea sahani, pa kila kitu. Ukiweka ubao wa kukatia, kikombe hakina pa kukaa. Nilijua Kijiko hukatia mboga kwenye meza ya kupigia pasi, ila nilidhani ni mzaha wake.

"Hizi karatasi ni nini?"

"Ni jiko, Bibi," Tepu akasema. "Kabla hatujahama nimejaribu kulishona upya. Hii ni kaunta, kipimo kilekile. Hii ni rafu ya sufuria. Hapa anasimama mmoja, hapa mwingine." Akasogeza karatasi huku, akazisogeza kule, akakata ncha ya moja, akatikisa kichwa. "Haliingii. Ni kama mteja mnene aliyeniletea kitambaa kifupi. Na misumari ukutani mwenye nyumba hataki hata kuisikia."

Nikaziangalia karatasi. Zilikuwa zimepangwa vizuri, zote zikizunguka kitu kimoja. Kitu hicho hakikuwa na karatasi, kwa sababu kilikuwepo chenyewe, kimesimama kama askari wa zamu: kabati langu.

Ni kabati la vyombo, la mbao nzito, refu kumpita Tepu. Juu lina milango ya vioo, chini lina droo mbili zinazokwama na milango miwili ya mbao, na miguu yake imechongwa kama makucha ya simba. Nililitoa mimi siku ya harusi yao. Wanaume sita walilibeba, mmoja akaugua mgongo wiki nzima. Ndilo lililouzuia mlango kufunguka. Ndilo lililokuwa limekalia ukuta mzima unaokabili sinki.

"Na hili, karatasi yake iko wapi?" nikauliza.

Kijiko alikuwa amekuja kusimama mlangoni. Yeye na mumewe wakatazamana.

"Hilo halisogei, Bibi," akasema.

"Kwa nini?"

"Ni lako."

Nikafungua mlango wa kioo. Ndani mlikuwa na vikombe sita tu, vimewekewa kitambaa chini ili visikwaruze ubao. Mbao zenyewe ziling'aa. Kijiko alilipaka vanishi kila mwaka na kulifuta mafuta kila mwezi. Vyombo vyao wenyewe vilikuwa kwenye ndoo chini ya sinki.

Nikampaka Tepu dawa mguuni, nikarudi nyumbani nimejaa aibu.

Nieleze kwa nini. Kabati lile lilikuwa la mama mkwe wangu. Wiki ya kwanza ya ndoa yangu aliliingiza jikoni kwangu akasema halitoki, na halikutoka miaka thelathini na minane. Kila siku niligonga nyonga kwenye kona yake, nikienda na nikirudi. Nilipika nikiwa nimejikunyata. Nilizeeka nalo. Kijiko alipoolewa nikaona mlango umefunguka. Nikasimama mbele za watu nikatoa hotuba kuhusu urithi, machozi yakinitoka, na wageni wakasema, huyu bibi ana moyo. Lilipotoka nyumbani kwangu nilifagia pale lilipokuwa, nikaweka kiti, nikakikalia mchana kutwa bila kufanya chochote. Raha niliyoisikia siwezi kuisimulia.

Basi nikikaa kimya, Jumapili watakubali nyumba ile nyingine, na jioni zangu zitakuwa kimya. Nikisema, watajua kwamba bibi yao aliwatwika mzigo wake akaufungia utepe wa zawadi.

Ijumaa jioni Kijiko alipopita nilimwambia, "Twende kwako. Nataka kuwaambia jambo nyote wawili."

Tukamkuta Tepu anakunja zile karatasi. Nikakaa kwenye kigoda, nikashika magoti yangu, nikasema yote. Sikuruka hata kile kiti.

Kijiko alinitazama mdomo wazi. "Bibi! Lakini ulilia! Siku ya harusi ulilia mpaka mimi nikalia, vipodozi vyote vikaniharibika!"

"Nililia kwa furaha, mwanangu."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akateleza ukutani akakaa sakafuni. "Miaka minne! Miaka minne nalisugua! Hata likizo sikwenda vizuri, nawaza vanishi!"

"Na mimi kila nikija nasema moyoni, mbona wanalipenda hivi, maskini."

"Basi tuliondoe! Tepu, liondoke kesho asubuhi!"

Tepu hakuwa anacheka. Alikuwa anauzungusha utepe wake kidoleni.

"Mimi nalipenda," akasema.

Kijiko akainuka kutoka sakafuni.

"Mnajua nimelelewa kituo cha watoto," Tepu akasema. "Pale kila kitu ni cha wote, na hakuna kinachotoka kwa mtu fulani kumfikia mtu fulani. Siku ile Bibi alisema, sasa na nyinyi mna kitu cha ukoo. Alisema nyinyi, hakusema Kijiko peke yake. Sikuwahi kuwa na kitu cha ukoo." Akatabasamu kidogo, kwa aibu. "Hata kama ni kitu kinachogonga watu nyonga."

Nilikuwa nimelitoa neno lile kunogesha hotuba tu, kumbe kuna mtu alilichukua akaliweka mahali.

Nikazitazama zile karatasi mikononi mwake, nikamuuliza polepole, "Mume wangu, mteja akikuletea gauni la marehemu mama yake, na linambana, unamwambia alitupe?"

"Hata kidogo."

"Unafanyaje?"

"Nalifumua, halafu nalishona limtoshe..." Akaacha kuzungusha utepe. Akalitazama kabati. Akasimama, akachechemea hadi pale, akalipima kwa mara ya kwanza, upana, urefu, kimo cha kiuno. Akakata karatasi kubwa yenye umbo lake. Akaikunja katikati, pale vioo vinapoishia na droo kuanza, akaichana. Kipande cha chini akakilaza kando ya sinki, chini ya dirisha, mahali ambapo kabati zima lingeziba mwanga. Kikaenea, na nafasi ya watu wawili kusimama ikabaki.

"Kijiko," akasema, "usimkubalie yule mwenye nyumba mwingine."

Jumamosi asubuhi akaja seremala. Mtaani anaitwa Nusu Saa, kwa kuwa kazi yoyote ukimuuliza itachukua muda gani atakujibu hivyo, hata kama ni paa la nyumba. Alilizunguka kabati, akaligonga kwa vifundo vya vidole, akalitegea sikio kama daktari.

"Mama, hili silikati. Mbao kama hizi hazipatikani tena. Lilikuwa la nani?"

"La mama mkwe wangu."

"Ndiyo kabisa, siligusi. Akinijia ndotoni nitasema nini?"

"Utamwambia nimekutuma mimi. Ananijua."

Akacheka, akachukua msumeno, akamtazama Tepu. Tepu alikuwa amekunja mikono kama mtu anayesubiri mtoto achomwe sindano. Nusu Saa akaushusha msumeno. Akakwangua kwa msasa ule urembo unaozunguka kiuno cha kabati, vanishi ikatoka tabaka kwa tabaka. Akakwangua tena. Akainama, akapuliza vumbi.

"Nani alilileta humu?"

"Wanaume sita," Kijiko akasema.

"Zima hivi?"

"Zima. Mmoja akaumia mgongo."

Nusu Saa akakaa chini akaanza kucheka peke yake. Akachukua koleo, akachomoa kigingi cha mbao kilichokuwa kimezibwa na vanishi. Akachomoa cha pili, cha tatu, cha nne. Akamwita Tepu ashike upande mmoja, wakanyanyua, na nusu ya juu ikatoka kwa utulivu, kama mfuniko wa sufuria.

"Ni makabati mawili," akasema. "Limetengenezwa hivi tangu siku ya kwanza. Moja limekalishwa juu ya mwenzake."

Miaka thelathini na minane kwangu, minne kwao. Tulilifuta, tukaliogopa, tukaligonga kwa nyonga, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kulivuta.

"Imechukua muda gani?" Kijiko akauliza.

Nusu Saa akatazama saa yake, akashtuka. "Nusu saa."

Siku ile tulifanya kazi mpaka mchana ukaisha. Nusu ya chini ikakaa kando ya sinki, ikafunikwa ubao mpana uliopigwa randa, ikawa kaunta. Droo zilipakwa sabuni kavu pembeni zikaacha kukwama. Seremala akakata ubao mwingine wa kufunika sinki lisipotumika, kisha akang'oa kale kaubao ka njano. Mlango tukaubandua bawaba tukauegemeza stoo, na Tepu akashona pazia badala yake. Sufuria tulizitundika kwa ndoano kwenye nondo za dirisha. Kuta tukazipaka nyeupe, baada ya mwenye nyumba kuruhusu kwa simu, na mimi nikapaka pale mkono wangu ulipofika. Nusu ya juu, yenye vioo, Tepu aliiweka sebuleni kando ya cherehani yake. Akapanga ndani yake nyuzi kwa rangi zake, na vifungo kwenye vile vikombe sita.

Jumapili asubuhi Kijiko akapiga simu upande wa pili wa mji akasema ahsante, hatuji. Jioni mwenye nyumba wao akapita kukagua.

"Mmegonga msumari?"

"Hata mmoja, Mzee."

Akaingia jikoni. Akatoka. Akaingia tena, akapapasa kaunta. "Hiki kitu mmekitoa wapi?"

"Ni cha ukoo," Tepu akasema, akajikohoza kidogo.

Jumatatu Kijiko alipita kwangu kama kawaida, akavua viatu, akanyoosha miguu. Baada ya dakika kumi akasema, "Simama twende, Tepu amepika maharage, na safari hii yako juu ya kaunta."

Tulijaa watatu mle jikoni, mmoja anakata vitunguu, mmoja anakoroga, mimi nachambua mboga, na hakuna kiwiko kilichomfikia mwenzake. Nikageuka kuchukua chumvi. Mazoea ni mazoea: nyonga yangu ikaenda moja kwa moja kwenye kona ya lile kabati.

Haikuuma.

Nikainama kuangalia. Konani palikuwa na kimto kidogo cha vitambaa vya rangi rangi, kimejazwa pamba, kimefungwa kwa kamba mbili nadhifu. Tepu alikuwa amekodolea sufuria macho kama hajui lolote.

Nikakigonga tena, kwa makusudi.