Ulilipa Shimo

Magoti ya Mama Henriette ndiyo yaliyoanzisha maneno yote haya. Choo chao, kama vyoo vingi vya mtaa wa Kapata, Kolwezi, kilikuwa mwisho wa kiwanja, na kufika huko siku hizi ilikuwa safari ya kushikwa mkono. Binti yao Rachelle, aliyeko Lubumbashi, akatuma pesa: mama ajengewe choo cha ndani. Baba yake Rachelle, Tata Godefroid, karani mstaafu, akatafuta fundi. Angalijua, angalitafuta fimbo nzuri tu.

Fundi wa kwanza, Mwenze, alidai nusu ya pesa mbele. Akapewa. Kesho yake akaenda Mutshatsha kumzika mjomba, na mjomba huyo nadhani mpaka leo hajamalizika kuzikwa. Wa pili, Kabemba, alitaka kulipwa kwa siku. Huyo hakukimbia, la! Alikuja kila asubuhi, akapima leo alichokipima jana, akanywa chai, akalipwa. Godefroid alimwachisha kwa upole, maana hata hasira zilikuwa zimemwishia.

Ndipo akaja Dady, mwenye mikono ya kuchimba na ulimi wa kuuza.

“Tata, mi sitaki avance, pesa ya mbele,” alisema. “Falanga ya siku pia sitaki. Nitachimba fosse, shimo yenyewe, nitajenga choo. We unipatie tu bulongo yenye itatoka mu shimo.”

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini Godefroid alikuwa amechoka hata kushtuka. Kolwezi nzima inajua kwa nini mtu anautaka udongo wa mwenzake: chini ya nyumba huenda kuna mawe meusi ya kobalti, na mawe meusi yana wanunuzi. Akajiambia, mimi si mchimbaji, mimi nataka choo. Pesa iliyobaki itanunua saruji. Wakapeana mikono.

Dady alifanya kazi, jamani. Magunia yalipanda kutoka shimoni, yakafungwa juu ya baiskeli, yakaenda. Shimo likapita kimo cha mtu, likapita kimo cha choo chochote ambacho binadamu anaweza kukijaza, kisha likageuka na kuelekea upande wa nyumba.

“Ukuta itaanza lini, mwana?” Godefroid aliuliza, ameinama juu ya giza lile.

“Tungali tunachimba, tata!” sauti ikajibu kutoka chini ya chumba chake cha kulala.

Halafu mawe yakakatika shimoni, na Dady naye akakatika, asionekane. Mvua ya kwanza iliposhuka, pembe ya chumba ikapasuka ufa wa kuingiza mkono. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wahenga hao hawakufika Kapata: hapa mchimbaji alitoka, aliyeingia ni mwenye nyumba.

Henriette aliutazama ufa, akaketi kitandani taratibu.

“Tata Rachelle, ulilipa shimo,” alisema. “Na shimo njo balikupatia.”

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuuma mumewe. Aliona aibu kama mtoto. Sasa kabla ya choo ilibidi shimo lijazwe, na udongo wa kujazia hununuliwa, lori kwa lori. Yeye wake aliutoa bure.

Na nani alikuja kumuuzia? Dady, na viatu vipya, hana haya hata chembe.

“Avance kidogo tu ya gari, tata.”

Godefroid alitaka kumfukuza. Lakini mafundi wengine walikuwa wameuona ule ufa wakaaga, na Henriette akamzuia. “Kazi anaweza,” alisema. “Mapatano yetu njo ilikuwa mubaya.” Akamgeukia Dady, mkono mmoja ukutani. “Sikia, mwana. Avance hapana. Bulongo ikiingia, ukaishindilia, tukaiona, tunakulipa palepale. Fosse ikiisha, palepale. Ukuta ikisimama, palepale. Ciment tutaleta siye benyewe. Kitu chenye kinaingia, tunalipa. Chenye kinatoka, hapana.”

Dady akakuna kichwa, akacheka, akakubali.

Lori la kwanza likamwagwa, akashindilia kwa gogo mpaka jasho likamtiririka. Godefroid akatoka na pesa mkononi, moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Udongo ulikuwa mwekundu, wenye unyevu, wa chini sana. Ndani yake akaona kipande cha sakafu ya nyumba.

“Hii bulongo inatoka wapi?”

“Kwa mama moja wa mtaa ya huko chini, tata. Tunamujengea choo.”

“Anakulipa nini?”

“Bulongo tu.”

Godefroid alifikiri kukataa. Alifikiri kwenda kumtafuta huyo mama, kumweleza, na uchovu ukampanda kutoka miguuni. Matone ya mvua yakaanza kudondoka, na Henriette alikuwa mlangoni akiusubiri mkono wake. Akamlipa Dady palepale, kama walivyopatana.

“Anasema nini?” Henriette aliuliza, walipokuwa wakilizunguka shimo kuelekea choo cha zamani.

“Anasema kesho analeta ingine.”